NYOTA ZA WACHUMBA: MKRISTO AZISOMEJE?

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 1:14-18; Mwanzo 24; Mwanzo 25:21-28; Isaya 47:12-14; Mathayo 2:1-12.



Somo letu la safari hii limetokana na jambo lililotokea hapa hapa kwetu Bujora. Majuzi mzazi mmoja alinijia nyumbani na karatasi mkononi. Binti yake ameposwa, wazee wa pande mbili wamekwisha kupatana juu ya ng'ombe wa mahari, na tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa karibu kusomwa kanisani. Karatasi ile ilikuwa na maduara mawili, moja ndani ya jingine, na mistari mingi myekundu na ya buluu. Binti alikuwa ametia tarehe yake ya kuzaliwa na ya mchumba wake katika simu, akaletewa mchoro huo pamoja na maelezo kwamba wawili hao watavutana sana lakini wataumizana. Tangu siku ile alikuwa hali vizuri, na alitaka tangazo lisisomwe.

Mzazi akaniuliza, "Mwalimu, wewe umefundisha hesabu miaka mingi. Jambo hili ni kweli au si kweli?" Nilimwomba siku chache. Majibu niliyompa ndiyo haya ninayowaandikia.

1. Swali hili ni la zamani

Tusimcheke binti huyu. Anayetaka kuoa au kuolewa ana hofu ya haki: Je, nikikosea? Wazee wetu wa Kisukuma walikuwa na hofu hiyo hiyo. Palipokuwa na jambo zito, walikwenda kwa mfumu, naye alipasua kuku na kusoma alama za ndani yake. Pwani, watu walikwenda kwa mwenye elimu ya falaki akawahesabia majina. Baadaye magazeti na redio vilituletea unajimu hadi bara. Wengi tunamkumbuka Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011, ambaye utabiri wake ulisikika Afrika Mashariki nzima. Leo ni simu. Chombo kimebadilika mara nyingi, lakini swali ni lile lile: Je, sisi wawili tunafaana?

Kabla ya kulikataa jambo yatupasa kulijua. Basi tujifunze kwanza jinsi hesabu hizi zinavyofanywa.

2. Hesabu ya majina

Njia ya Pwani hutumia herufi za Kiarabu. Kila herufi ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, dali ni 4, wau ni 6, ye ni 10, mimu ni 40, re ni 200, na kadhalika mpaka 1000. Huandikwa jina la mtu, aghalabu pamoja na jina la mama yake, herufi zikajumlishwa. Jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho nyota yake. Zikibaki 1 ni Punda, 2 Ng'ombe, 3 Mapacha, 4 Kaa, 5 Simba, 6 Mashuke, 7 Mizani, 8 Ng'e, 9 Mshale, 10 Mbuzi, 11 Ndoo. Isipobaki kitu ni Samaki.

Tuchukue mfano, tukiacha jina la mama ili hesabu iwe fupi. Mariamu huandikwa mimu, re, ye, mimu: 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Ukigawanya kwa 12 hubaki 2. Basi Mariamu ni Ng'ombe.

Kisha nyota hizo 12 hugawanywa katika asili nne. Punda, Simba na Mshale ni moto. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni udongo. Mapacha, Mizani na Ndoo ni upepo. Kaa, Ng'e na Samaki ni maji. Hapo ndipo wachumba hulinganishwa. Moto na upepo hupatana, kwa kuwa upepo huchochea moto. Udongo na maji hupatana, kwa kuwa maji huurutubisha udongo. Lakini moto na maji ni maadui, kwani mmoja humzima mwenzake.

3. Hesabu ya maduara

Njia ya pili ndiyo ile ya simu, nayo imetoka Ulaya. Huchukuliwa tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa, kikachorwa kile kinachoitwa ramani ya kuzaliwa. Ni duara lenye nyuzi 360, lililogawanywa katika nyota zile zile 12, kila moja nyuzi 30. Ndani yake huwekwa Jua, Mwezi na sayari, kila kimoja mahali kilipokuwa saa ile. Wanajimu husema kwamba Mwezi ni hisia za mtu, Zuhura ni mapenzi, Mirihi ni nguvu na hasira, na Zohali ni wajibu na uzito.

Kwa wachumba, duara la mmoja huwekwa juu ya duara la mwenzake, zikapimwa pembe. Zuhura ya binti ikiwa nyuzi 120 au 60 kutoka Mirihi ya kijana, husemwa kwamba wanapatana, na mstari huchorwa wa buluu. Ikiwa nyuzi 90 au 180, husemwa kwamba wanagombana, na mstari ni mwekundu. Vitu viwili vikikutana mahali pamoja, husemwa kwamba vinaungana, kwa heri au kwa shari. Basi, ndugu msomaji, ukiona karatasi ya namna hiyo, umejua maana ya mistari yake.

4. Tuzipime hesabu hizi

Sasa tufanye kama tulivyofanya darasani: tuijaribu kanuni tuone kama inasimama.

Kwanza majina. Daudi huandikwa kwa Kiarabu namna mbili, na zote ni sahihi. Ukiandika dali, alifu, wau, dali, jumla ni 15, na hubaki 3: yeye ni Mapacha, upepo. Ukiandika kwa wau mbili, jumla ni 21, na hubaki 9: sasa ni Mshale, moto. Mtu ni yule yule, kalamu tu imeongeza herufi moja, naye amekuwa adui wa mke mwenye nyota ya maji. Na Petro je? Kiarabu hakina herufi ya p. Mwandishi mmoja ataweka be, yaani 2, na mwingine fe, yaani 80. Tofauti ni 78, na 78 ukiigawanya kwa 12 hubaki 6. Petro amehamishwa kutoka upande mmoja wa duara hadi upande wa pili. Tena sisi huku tuna majina mengi. Mtu aliitwa Mabula kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, akabatizwa jina jingine, na shuleni akaandikwa la tatu. Tuhesabu lipi?

Pili, saa ya kuzaliwa. Katika ramani ya maduara, nyota inayochomoza upande wa mashariki hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Binti wa mzazi yule hajui saa aliyozaliwa. Bibi yake hukumbuka tu kwamba ng'ombe walikuwa wanarudi zizini. Na wengi wa rika langu tulikadiriwa hata tarehe, siku tulipoandikishwa shule. Simu haikumwambia binti kwamba haiwezi kufanya kazi bila saa. Ilijaza yenyewe, ikaendelea.

Tatu, nyota zenyewe. Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Aprili huambiwa kwamba ni Punda. Lakini siku hiyo Jua husimama mbele ya nyota za Samaki. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia huyumba polepole, kama pia inayokaribia kuanguka, na mahali pa majira angani husogea karibu nyuzi moja kila miaka 72. Katika miaka 2000 ni nyuzi 28 hivi, yaani karibu nyota nzima. Wanajimu wa Ulaya hujibu kwamba wao huhesabu kwa majira wala si kwa nyota. Lakini wanajimu wa Kihindi huhesabu kwa nyota. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Punda kwa hawa na Samaki kwa wale, na kila mmoja atampa mchumba tofauti.

Nne, ile mistari. Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Wanajimu wa leo hutumia Jua, Mwezi na sayari nane pamoja na Pluto, jumla vitu 10. Vitu 10 vya binti vikilinganishwa na 10 vya kijana ni jozi 100. Pembe si lazima itimie barabara. Wao huruhusu kasoro ya nyuzi chache, tuseme 6 kila upande. Basi kila pembe ina nafasi ya nyuzi 12. Pembe za 60 na 120 hupatikana kulia na kushoto, kwa hiyo zina nafasi nne, nyuzi 48. Pembe ya 90 ina nafasi mbili na ya 180 ina moja, nyuzi 36. Gawanya kwa 360. Katika jozi 100 za watu wawili wowote utatazamia mistari ya buluu kama 13 na myekundu kama 10. Ndiyo kusema kwamba ukimchukua mwinjilisti wetu na mwanamke wa Uchina asiyemjua, utapata mapatano mengi na magomvi mengi. Mchoro hauwezi kukosa neno la kusema, kwa furaha au kwa hofu.

Tano, wapo waliopima kwa watu wengi. Mwaka 1985 Shawn Carlson alitangaza katika jarida la Nature majaribio aliyowafanyia wanajimu. Walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yaliyo ya mwenye ramani. Walipata karibu mara moja katika tatu, sawa na mtu anayebahatisha. Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alitazama ndoa zipatazo milioni 10 kutoka sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales. Alitafuta kama watu wa nyota fulani huoana zaidi na watu wa nyota fulani. Hakuona dalili yoyote.

5. Kulwa na Doto

Kama hesabu imekuchosha, tazama mapacha. Hapa kwetu kila kijiji kina Kulwa na Doto, na nyuma yao Shija. Kulwa na Doto wamezaliwa siku moja, mahali pamoja, saa moja au karibu yake. Je, waliolewa na watu wa namna moja? Ndoa zao zilikwenda njia moja? Kila mmoja wetu anawajua wa kwao na ana jibu.

Biblia nayo ina mapacha, Esau na Yakobo. Yakobo alitoka ameshika kisigino cha nduguye. Lakini mmoja alikuwa mtu wa mawindo, na mwingine mtu wa kukaa hemani. Esau alioa binti za Wahiti wakawaletea wazazi wake uchungu. Yakobo alimtumikia mjomba wake miaka saba kwa ajili ya Raheli. Nyota zilikuwa za namna moja, nyumba zikawa mbalimbali.

Hoja hii si yangu. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini aliyeishi kuanzia mwaka 354 hadi 430, katika ujana wake aliwaendea sana wanajimu. Yeye mwenyewe anaeleza jinsi alivyoacha: rafiki yake Firmino alimsimulia kwamba yeye na mtoto wa mtumwa walizaliwa wakati mmoja barabara, lakini mmoja akakua katika utajiri na mwingine akabaki mtumwa. Augustino akaona kwamba ramani moja haiwezi kusema kweli kwa wote wawili.

6. Yaliyonipata mimi

Ningeweza kuishia hapo, lakini nisingekuwa nimesema kweli yote. Yule mzazi alidhani ananiuliza mimi kama mtu wa hesabu tu. Hakujua kwamba nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa huu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana nikitafuta mchumba. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu mwema, alijua kuhesabu majina. Kwa mzaha wa jioni alinihesabia. Mimi nikawa moto, na yule binti niliyempenda akawa maji. Nilicheka, nikamwoa. Lakini neno lile halikutoka. Kila tulipokosana juu ya fedha au ndugu, nilijiambia moyoni, "Naam, moto na maji." Sikumwuliza amekasirishwa na nini. Nilikuwa na jibu tayari. Miaka sita nilikaa hivyo.

Usiku mmoja, baada ya ugomvi mkubwa, nilimwambia. Alinyamaza kwa kitambo, halafu akasema, "Kumbe siku zote hizo ulikuwa hunisikilizi mimi. Ulikuwa unasikiliza nyota." Aliumia kuliko alivyoumizwa na ugomvi wenyewe. Kisha akaniuliza niliandika jina gani la mama yake. Nikalitaja. Akasema hilo ni la ubatizo, nyumbani alikuwa na jingine. Kesho yake nilihesabu upya kwa siri, nikaona kwamba kwa jina lile mke wangu ni upepo, rafiki wa moto. Nilimkimbilia jikoni kwa furaha. Hakufurahi. Alisema, "Ukiiamini hii ya pili, umeiamini na ile ya kwanza." Nikachana karatasi.

Hili ndilo kubwa ninalotaka wasomaji walishike. Mchoro wa nyota hauwezi kuivunja ndoa kwa nguvu zake, maana hauna nguvu. Huivunja kwa kumpa mtu sababu ya kutomsikiliza mwenzake. Hata ule unaosema mema ni hatari, kwa kuwa humwambia mtu kwamba kazi imekwisha kufanyika mbinguni, hana haja ya kujitaabisha.

7. Neno la Mungu lasemaje?

Mwanzo 1:14 yatuambia kazi ya mianga ya mbinguni: kutenga mchana na usiku, na kuwa alama za majira, siku na miaka. Wakulima wetu walijua hivyo walipotazama Kilimia ili wajue wakati wa kulima. Kutazama nyota kwa ajili ya majira si dhambi, ni shukrani. Isaya 47 yaonya jambo jingine: Babeli ilikuwa na wanajimu wengi, nao hawakuweza kujiokoa hata wenyewe.

Watu huuliza, "Na mamajusi je?" Someni vizuri Mathayo 2. Nyota haikuwaambia habari za tabia zao wala za wake zao. Iliwaleta kwa Mtoto. Tena walipofika Yerusalemu walilazimika kuuliza, na jibu la mahali alipozaliwa lilitoka katika maandiko ya nabii.

Sasa tazameni Mwanzo 24, mahali Biblia inapoeleza kwa urefu jinsi mke alivyotafutwa. Mtumishi wa Ibrahimu hakuuliza siku ya kuzaliwa ya Rebeka. Aliomba, akasimama kisimani, akatazama kama binti atampa maji mgeni na ngamia zake, kazi nzito ya jioni. Alitazama tendo. Na mwishowe Rebeka mwenyewe aliulizwa kama atakwenda, naye akajibu.

Ndivyo ilivyo hata leo mbele ya madhabahu. Kasisi hawaulizi bwana na bibi arusi kama wanafaana. Huwauliza kama wako tayari kupendana na kutunzana, katika afya na katika ugonjwa. Ni swali la nia, si la asili. Tunaweka nadhiri kwa sababu hatujui ya mbele. Mtu ambaye angekwisha kujua yote hangehitaji nadhiri.

8. Badala ya mchoro

Wazee wetu, pamoja na kuku zao, walifanya jambo moja jema: walituma watu kuchunguza ukoo, kama ni wachapa kazi, kama wana magonjwa, kama ni wagomvi. Kanisa nalo husoma matangazo Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka taarifa itolewe siku 21 kabla. Muda huo si wa kushona nguo tu. Wachumba waulizane haya, uso kwa uso:

(a) Una deni? La nani, na kiasi gani?
(b) Umepima afya yako, na uko tayari twende pamoja?
(c) Una mtoto mahali pengine?
(d) Tutakaa wapi, na ndugu gani watatutegemea?
(e) Ukikasirika hufanya nini? Mimi nifanye nini?
(f) Fedha zetu zitashikwa na nani?
(g) Tutasali pamoja?

Yule binti na mchumba wake walikubali kuketi na maswali hayo kwa jioni mbili. Kwa ruhusa yao nasema kwamba jambo moja lilitokea ambalo hakuna mstari mwekundu wala wa buluu uliolionyesha: kijana alikuwa na deni la pikipiki, na alikuwa amelificha kwa aibu. Binti alikasirika kweli kweli. Lakini safari hii alikuwa na mtu wa kumkasirikia na jambo la kuzungumza. Wamepatana jinsi ya kulilipa, wakaomba tangazo liahirishwe mwezi mmoja. Jumapili iliyopita lilisomwa mara ya kwanza. Tuwaombee.

Maswali ya kujadili katika vikundi na katika Umoja wa Akina Mama

1. Kwa nini Mkristo aliyebatizwa huendelea kuogopa utabiri? Tujibu bila kumtaja mtu.
2. Rebeka alijulikana kwa tendo gani? Leo tungelitazama tendo gani kwa binti, na lipi kwa kijana?
3. Je, kuna neno ulilowahi kuambiwa juu ya mwenzi wako, ambalo limekuzuia kumsikiliza?
4. Wazazi wafanye nini mtoto wao anapowaletea mchoro wa nyota?

Tuombe: Ee Mungu uliyeziumba nyota na kuziweka mahali pake, utuondolee hofu ya mambo yasiyo na uwezo. Uwape wachumba wa mtaa wetu ujasiri wa kuulizana kweli, na sisi tuliooana zamani utupe masikio ya kusikilizana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.